Mahfoudha Hafuniki Uso

Katika nyumba ya Bi Masouda, pale Matrah, nyuma ya soko la nguo, mwanamke hakutoka na uso mtupu. Si kwamba Maskati nzima ilikuwa hivyo. Walikuwapo waliojitanda shela zao wakaenda sokoni uso nje, na hakuna aliyewauliza. Lakini nyumba ile ilikuwa na mambo yake. Bi Masouda alivaa barakoa tangu alipoolewa, ile ya kitambaa cha nili kinachong'aa, yenye matundu mawili ya macho na kijiti kinachopita juu ya pua. Aliivaa jikoni, aliivaa mbele ya wanawe, na chakula alikula nayo, akiinyanyua kwa kidole kila tonge. Watu walisema hata marehemu mumewe hakupata kuuona mdomo wake. Hilo Mungu ndiye ajuaye.

Katika nyumba hiyo, mwaka 1965, akaingia Mahfoudha, mjane kutoka Unguja, uso wazi kama mlango wa duka.

Alikuwa mke wa Harub, mtoto mkubwa wa Bi Masouda, karani wa forodhani Unguja, ambaye maradhi yalimchukua kabla nchi haijapinduka. Ilipopinduka, Mahfoudha alibaki na mwana mmoja na nyumba ambayo hakujua kesho itakuwa ya nani. Shemegi yake, Bakhit, mfanyabiashara wa ndimu kavu pale Matrah, ndiye aliyemdhamini mpaka akaruhusiwa kuingia, maana Maskati ya siku zile haikuwa ikiingiwa ovyo. Hisani hiyo Mahfoudha hakuisahau. Lakini hisani ni kitu kimoja, na kutawaliwa ni kitu kingine, na Mahfoudha alizijua zote mbili kwa sura.

Mwana mwenyewe alikuwa Muhsina, mtoto wa kike wa miaka sita, macho makubwa, mbishi. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Homa ikaondoka, na masikio yake ikaondoka nayo. Bahati moja ni kwamba alikwisha kujua kusema. Hospitalini Unguja palikuwa na muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo, aliyemkalisha Mahfoudha akamwambia: usilie, fanya kazi. Mtazame uso kwa uso. Simama penye mwanga. Sema taratibu, usipige kelele, na usimpe mgongo. Mahfoudha akayashika hayo kama anavyoshika sala. Kila siku aliketi na mwanawe kizingitini, akimwonyesha mdomo wake kwa kidole, tizama hapa, tizama, mpaka mtoto akawa anashika maneno kwa macho kama wenzake wanavyoyashika kwa masikio. Sauti yake ilikuwa nzito, haina kupanda wala kushuka. Lakini kusema alisema, na wakati mwingine alisema kuliko ilivyotakiwa.

Basi jioni ile ya kwanza Bi Masouda akamwita mkaza mwanawe ukumbini, akampa barakoa mpya. Kaishona kwa mkono wake mwenyewe, mishono midogo midogo, ya kupendeza.

"Ahsante, Mama," akasema Mahfoudha. "Mkono wako hauna mfano. Lakini sivai."

"Huvai?"

"Sivai, Mama. Mtoto huyu husikia kwa macho. Mdomo wangu ndio masikio yake. Nkiuziba, nimemfanya kiziwi mara ya pili, na mara hii itakuwa mimi mwenyewe."

"Hata mbele za watu?"

"Mbele za watu ndiko anakonihitaji khasa."

Bi Masouda akaichukua barakoa yake akairudisha sandukuni. Tangu siku ile akawa akitaka kumwambia Mahfoudha neno, humwambia Bakhit, na Mahfoudha yuko pale pale anapepeta mchele.

Haya. Mahfoudha hakuja Maskati kutafuta barakoa wala kupendwa na mkwe. Alikuja akiamini kwamba kwenye kabila la baba wa mtoto hakutakosekana daktari wala skuli. Hakufika wiki akaanza kuulizia. Akaelekezwa kwa daktari mmoja mgeni, mwenye chumba chake karibu na pwani, mtu mkavu lakini mkweli. Daktari akamtazama Muhsina masikio, akampigia chuma kinacholia nyuma ya kichwa, akatikisa kichwa.

"Masikio haya hayana dawa," akasema. "Usipoteze wakati wako kwa waganga wala kwa mtu wa kutibu kwa kuchoma moto. Huyu anataka mwalimu. Kuwait wanayo skuli ya viziwi, wa kike na wa kiume, inalaza na kulisha."

"Na hapa?"

"Hapa!" Akacheka bila ya furaha. "Hapa skuli zenyewe za wazima unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na zote za wanaume."

Mahfoudha akajaribu chuo cha Qur'ani mtaani, asiambiwe hakujaribu. Maalim akamwambia Qur'ani hushikwa kwa sikio. Mahfoudha akamuuliza, na macho Mungu kayaumba ya nini, ya kulilia tu? Akatolewa. Akaenda zake akisonya mpaka nyumbani.

Ikabaki Kuwait. Na Kuwait haikuwa ya kuamka ukaenda. Kwanza walii wa mtoto, msimamizi wake, aridhie, na walii ni ami yake, Bakhit. Pili serikali itoe ruhusa ya kutoka, na ruhusa ile watu waliifuata mpaka wakazeeka. Mahfoudha akaanza na la kwanza.

Bakhit hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtu wa kuogopa maneno ya watu, na mtu wa kuogopa maneno hufanya mabaya mengi kwa nia njema. Aliwaza muda mrefu, akaja na lake: dada yake yuko bondeni, mwendo wa siku kutoka Matrah, ana mitende na mbuzi. Muhsina apelekwe huko.

"Atachunga mbuzi," akasema. "Kazi nyepesi. Huko hakuna wa kumcheka."

"Wala hakuna wa kumsemesha," akajibu Mahfoudha.

"Shemegi, tuseme kweli. Mtoto hana akili."

Loo! Neno lile lilimpata Mahfoudha kifuani. Akaliweka chini sinia alilokuwa nalo, maana aliona litamponyoka.

"Nani kasema?"

"Hahitaji mtu kusema. Mama humsemesha tangu mlipokuja. Kila siku humwita, humuuliza, humbembeleza. Hata siku moja hajamjibu! Bibi yake mzaa baba! Mtoto mwenye akili ndivyo afanyavyo?"

"Mama ana barakoa, Bakhit."

"Barakoa haizuii sauti."

"Ya Rabbi! Mtoto ni kiziwi, nawe waniambia sauti?"

Lakini Bakhit alikwisha kuyafunga mazungumzo. Kuwait hapana, mbuzi ndiyo, na mwezi ukiandama punda atakuja kumchukua. Mahfoudha akamtazama hivi, toka kilemba mpaka makubadhi.

"Sawa," akasema. "Twende kwa kadhi."

Bi Masouda, aliyekuwa pembeni akichambua tende, akainua kichwa. Katika nyumba ile mwanamke hakupata kumpeleka mwanamme kwa kadhi, na tena kwa uso ule. Bakhit akadhani ni maneno ya hasira, yatapoa. Hayakupoa. Kulipokucha Mahfoudha alikwisha kumvisha Muhsina kanzu yake nyekundu ya Idi, na gari ya kuwavusha mlima kwenda Maskati ilikwisha kuitwa.

Kadhi alikuwa Sheikh Muslim, mzee mwenye jina la ukali, ndevu nyeupe nyingi zilizoshuka mpaka kifuani na kupanda mpaka puani. Barza yake ilijaa watu: wenye kesi za maji, wenye kesi za mipaka, askari wawili na bunduki zao ukutani. Mahfoudha alipoingia kamshika mwanawe mkono, uso mkavu, minong'ono ikapita chumba kizima. Bakhit akawa anatazama mkeka.

Akaanza Bakhit kusema, kwa Kiarabu, vizuri na kwa adabu. Kwamba yeye ni ami, kwamba mtoto ni punguani na kiziwi, kwamba mama yake anataka kumpeleka nchi ya watu ambako hawana jamaa. Na kwamba mama mwenyewe, Sheikh anamwona alivyo, hataki kusitirika.

"Uso si kesi," akasema kadhi. "Uso wa mwanamke si uchi. Nyumba yako ina dasturi yake, na dasturi si sharia. Kesi ni mtoto. Ana akili au hana?"

"Hana," akasema Bakhit.

"Anayo," akasema Mahfoudha, "kutushinda sisi sote."

Kadhi akakata shauri. Ikiwa mtoto hana akili, basi skuli haitamfaa kitu, na ami yake ndiye mwenye neno. Ikiwa anayo, kutafuta elimu ni faradhi, na hapana wa kumzuia. Yeye mwenyewe atamjaribu. Bakhit akadakia kwamba mama mtu humpa mtoto ishara za siri, na kadhi akaona ni haki. Akamwambia Mahfoudha ageuke atazame ukuta, mikono mbele yake, asitikisike.

Mahfoudha akageuka. Miaka yote hiyo hakupata kumpa mwanawe mgongo, na leo anampa mbele ya watu wasiomjua, kwa jambo kubwa kuliko yote. Alitazama ufa wa chokaa ukutani akaomba Mungu.

Kadhi akamwita Muhsina mbele yake, akamuuliza jina lake. Muhsina kimya. Akamuuliza babake nani. Kimya. Akapaza sauti, akamuuliza Mola wake nani. Mtoto kakodoa macho tu, anatazama zile ndevu zinavyotikisika.

"Umeona, Sheikh?" akasema Bakhit, kwa huruma ya kweli. "Ndiyo haya tuliyokuwa tukiyasema."

Ikasikika sauti kutoka ukutani.

"Sheikh Muslim, nisamehe, nami siwezi kunyamaza. Nimeambiwa nisigeuke, sigeuki. Lakini tokea nilipoingia humu sijauona mdomo wako. Wewe unao? Ikiwa unao, uko wapi? Mtoto huyu husoma maneno midomoni, anautafuta wako, naye hakuupata. Ndevu zako ndizo zilizomziba masikio!"

Askari mmoja akacheka kwa pua, akajifanya anakohoa. Bakhit akaufunika uso wake kwa viganja vyote viwili. Ndevu za kadhi! Watu wa barza ile walikuwa wakiziapia ndevu zile. Kila mtu akangoja mwanamke yule atupwe nje.

Sheikh Muslim akainua mkono wa kulia, akayapandisha masharubu juu kwa vidole viwili. Kwa mkono wa kushoto akazikamata ndevu akazivutia chini. Katikati ukatokeza mdomo mwekundu wa kizee, na meno yasiyozidi mawili. Amejishika hivyo hivyo, kadhi wa watu, akainama mbele ya mtoto na kumuuliza kwa Kiswahili, Kiswahili cha Pemba, ambako alikula ujana wake kwenye mashamba ya karafuu:

"Mwanangu, leo umekula nini?"

Uso wa Muhsina ukafunguka.

"Mkate wa kumimina," akasema, kwa ile sauti yake nzito iliyojaa chumba. "Na chai. Sukari kidogo. Ami Bakhit huficha sukari."

Barza ikaangua kicheko. Mahfoudha kule ukutani machozi yalikuwa yanamtoka, na kucheka anacheka, na kugeuka hageuki.

"Hapa umeletwa kwa nini?" akauliza kadhi, vidole bado viko masharubuni.

"Ami anataka nchunge mbuzi."

"Wewe hutaki?"

"Sitaki."

"Mbuzi wamekukosa nini?"

Muhsina akafikiri.

"Midomo yao inakwenda siku nzima," akasema, "na hawasemi kitu."

Hapo hakucheka mtu. Sheikh Muslim akaziachia ndevu zake, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba, akasema kwa Kiarabu ili kila mtu asikie kwamba mtoto huyu ana akili timamu na ulimi wa kujitetea. Mama yake ana haki ya kumpeleka kwenye elimu popote ilipo. Na kwa kuwa mtoto wa kike hafai kusafiri bila ya maharimu wake, ami wa mtoto ndiye atakayewafikisha mpaka Kuwait, kwa mguu wake mwenyewe, awakabidhi.

"Mimi, Sheikh?" akasema Bakhit.

"Wewe, mwanangu. Na sukari umwekee."

Kadhi alimaliza lake, lakini ruhusa ya kutoka haikuwa mikononi mwake. Hiyo ilitoka juu, na juu hakukuwa na haraka. Mahfoudha akaomba, akaambiwa bado. Akaenda tena, bado. Mwaka ukaingia, mwaka ukatoka. Watu wa ofisi ile walikwisha kumjua mpaka wakamchukia. Na Muhsina huku nyuma akawa mkubwa, akicheza na watoto wa uchochoroni waliosema naye Kiarabu uso kwa uso, naye akakishika Kiarabu midomoni mwao bila ya kufunzwa na mtu. Siku moja wamesimama nje ya dirisha la ofisi, karani yuko ndani kabisa anamnong'oneza mwenzake, Muhsina akamvuta mamake buibui.

"Mama, yule kasema, kaja tena yule mchokozi wa uso wazi. Mwambie bado."

Mahfoudha akaingiza kichwa dirishani.

"Ndiyo, nimekuja tena," akasema, "na mchokozi ni mimi, na wiki ijayo nnakuja. Tia maji kwenye mtungi, maana napenda kungoja na huku nnakunywa."

Aliyekuwa hajawahi kumwona karani yule anakimbiza karatasi, angalimwona siku ile. Hata hivyo ruhusa haikuja.

Ukaja mwezi wa Julai mwaka 1970. Ikatangazwa kuwa kuna Sultani mpya, watu wakacheza ngoma ya razha mabarabarani, milango iliyofungwa ikafunguliwa. Waliokuwa wametawanyika Dubai, Kuwait na Misri wakaanza kurudi na mabegi yao na watoto wao. Na katika watu wote hao wanaoingia, Mahfoudha akapata ruhusa yake ya kutoka. Jirani zake wakamshangaa.

"Watu wanarudi, shoga, na weye unaondoka?"

"Skuli ya mwanangu imekuja?"

"Haijaja."

"Basi naifuata iliko. Ikija, nami ntakuja."

Siku ya safari Bakhit alivaa kanzu mpya, akalalamika juu ya gharama, akalalamika juu ya joto, akabeba masanduku yote mwenyewe. Mahfoudha aliaga kila mtu. Akabaki mkwe wake, ambaye tangu asubuhi hakutoka chumbani. Mahfoudha akasimama mlangoni, moyo umemjaa. Walikwisha kuzoeana kwa namna yao. Tangu ile siku ya kadhi Bi Masouda alianza kumsemesha bila ya kupitia kwa Bakhit, japo kwa kumgombeza. Lakini kumsemesha mtoto aliacha. Hakumwita tena, wala kumbembeleza.

"Mama, sisi tunakwenda."

"Mlete hapa," ikasema sauti ndani. "Na ufunge mlango."

Mahfoudha akamwingiza Muhsina, akafunga. Bi Masouda alikuwa ameketi juu ya kitanda. Akainuka, akaenda mpaka dirishani, penye mwanga, akageuza uso wake kwenye mwanga ule. Mahfoudha akashtuka, kwa sababu hakupata kumfundisha hilo. Bibi kizee yule alikuwa akiwatazama miaka yote.

Akapeleka mikono nyuma ya kichwa, akafungua kamba za barakoa, akaivua.

Nili ilikuwa imemuingia puani na mashavuni, rangi ya buluu isiyotoka tena. Chini yake palikuwa na mdomo mdogo, una makunyanzi, unatetemeka. Muhsina akautazama. Akamtazama mamake, akaurudia. Kisha akapiga kelele iliyosikika mpaka barabarani:

"Mama! Kumbe Bibi ana mdomo!"

"Ninao," akasema Bi Masouda. Akasema kwa Kiswahili, kile alichokiacha Unguja alipokuwa bado ana mume na watoto wadogo. Alisema taratibu, hakupiga kelele. "Ninao, mwanangu. Ulipokuja nilikusemesha kila siku. Nilikuwa nkikwita uje ule na mimi. Nkikwambia umefanana na babako. Ukinitazama tu unakwenda zako, nami nkadhani hunipendi."

Muhsina akasogea mpaka pua yake karibu igusane na ile ya buluu. Akaweka kidole chake juu ya mdomo wa bibi yake, kama mamake alivyokuwa akimwonyesha wake pale kizingitini.

"Sikukuona, Bibi," akasema. "Sema tena."

Bi Masouda akaanza tena, tangu mwanzo. Nje Bakhit akaugonga mlango kwa ngumi.

"Mahfoudha! Gari inangoja!"

"Ingoje!" akasema Mahfoudha.